Katuni za Zamani na Sarafu ya Mtoto

Kila kizazi kina zilipendwa zake. Mzee akisikia redioni wimbo wa dansi wa ujana wake hunyamaza, akatazama mbali, nasi hatumcheki, maana twajua anatazama nini. Lakini siku hizi zimezuka zilipendwa za namna nyingine, ambazo si nyimbo. Akina baba na akina mama wenye umri wa miaka thelathini na kitu, au arobaini na kitu, hutafuta katika simu zao katuni za televisheni za zamani, hasa zile zilizotokana na michezo ya mashine: lile duara la manjano lenye kinywa kikubwa, yule gorila arushaye mapipa, yule chura avukaye barabara. Wakizipata huwaita watoto wao na kuwaambia, "Njoni mtazame katuni safi za zamani, si hizo zenu za fujo."

Hata Maganzo jambo hili lipo. Kwa wasomaji wetu walio mbali, Maganzo ni mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, nao ni jirani wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Ni mji wa wachimbaji, wachuuzi na madereva, watu wasio na muda mwingi wa kukaa na kukumbuka ya kale. Ikiwa hamu hiyo imefika huko, basi bila shaka imefika pia Songea, Bukoba na Tanga, na yafaa tuichunguze kidogo.

Wengine watasema: ya nini kuchunguza? Mtu akifurahia katuni ya zamani amemkosea nani? Hakumkosea mtu. Walakini mzazi amwambiaye mtoto kwamba hizi ni safi na zile ni chafu amekwisha kutoa hukumu, na hukumu haitolewi kabla shahidi hajasikilizwa. Tuanze basi kwa kuuliza katuni hizo zilizaliwa wapi.

Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa mashine ya mchezo iitwayo Pac-Man. Aliyeubuni mchezo huo, bwana Toru Iwatani, alikuwa kijana wa miaka 25. Wakati ule kumbi za mashine zilijaa michezo ya kupiga risasi na kulipua vyombo vya angani, nazo zilikuwa mahali pa wanaume. Yeye alitaka mchezo utakaowavuta wasichana na wachumba pia, akachagua jambo ambalo hakuna binadamu asiyelijua, yaani kula. Jina lenyewe latokana na neno la Kijapani linaloiga mlio wa kinywa kinachofunguka na kufumba. Mchezaji huliongoza duara katika vichochoro vilivyopindapinda, nalo humeza vidonge vidogo 240 na vikubwa 4, huku mizuka minne ikilifukuza. Vidonge vikiisha, vichochoro hujaa upya na mbio huanza tena, mara hii kwa kasi zaidi.

Je, mwisho wa mchezo huo ni nini? Hakuna. Waliouunda hawakuweka ushindi wowote ndani yake. Wachezaji hodari kupita kiasi waligundua baadaye kwamba ukifika duru ya 256, mashine hushindwa kuhesabu, maana hesabu yake haipiti 255. Basi nusu ya kioo hujaa takataka za herufi na tarakimu, na mchezaji hawezi kuendelea. Huo si mwisho, ni kuharibika. Twawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana tutalirudia.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mashine ile ililishwa sarafu; huko Marekani ilikuwa robo dola, yaani senti 25. Mwenye mashine hakupata faida kwa mtoto kucheza vizuri, bali kwa mtoto kushindwa upesi na kutia sarafu nyingine. Ndiyo maana kasi huongezeka. Lakini tuseme haki: huo haukuwa mchezo wa kamari. Mtoto hakuahidiwa fedha, na aliye stadi aliweza kusimama hapo muda mrefu kwa sarafu moja, mwenye mashine akimkodolea macho ya uchungu. Hata hivyo wakubwa wengine waliingiwa na hofu. Huko Ufilipino, Rais Marcos alizipiga marufuku mashine hizo zote mwezi Novemba 1981.

Sasa tuje kwenye katuni. Mabwana William Hanna na Joseph Barbera, wale wale walioanzisha Tom and Jerry mwaka 1940, walikuwa na kampuni yao ya kutengeneza katuni. Tarehe 25 Septemba 1982, siku ya Jumamosi asubuhi, katuni yao ya Pac-Man ilianza kuonyeshwa Marekani katika televisheni ya ABC. Ilikuwa katuni ya kwanza ya televisheni kutokana na mchezo wa mashine. Mwaka uliofuata CBS nayo ikaleta kipindi kiitwacho Saturday Supercade, kilichokusanya michezo kadhaa pamoja: gorila Donkey Kong, aliyetoroka kutoka sarakasi na kufukuzwa na Mario; Q*bert; na yule chura Frogger, ambaye katika mashine alivuka barabara na mto tu, lakini katika katuni amekuwa mwandishi wa habari wa gazeti la kinamasini. Huyo wa mwisho ametupendeza kuliko wote, na wasomaji watatusamehe, kwa kuwa ni mwenzetu wa kazi. Mwaka 1984 yakaja magari ya Pole Position, yaliyosema kama watu, na Dragon's Lair ya kishujaa. Kufikia mwaka 1985 wimbi hilo la kwanza lilikuwa limekwisha. Mengine yalifuata miaka ya baadaye, kama Super Mario mwaka 1989, Sonic mwaka 1993, Street Fighter mwaka 1995 na Mortal Kombat mwaka 1996.

Hapana budi kusema wazi kwamba katuni zile zilikuwa tangazo la biashara. Mtoto alizitazama asubuhi, na mchana akamwomba baba yake robo dola. Basi yule asemaye kwamba za zamani zilikuwa safi na za leo zimeharibiwa na biashara, amekosea katika nusu ya kwanza ya usemi wake. Zile nazo zilizaliwa na sarafu, zikaitumikia sarafu.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Waandishi wa katuni walipoletewa lile duara, walipata taabu kubwa. Utasimuliaje hadithi ya kinywa? Kinywa hula, kikala tena. Hadithi haiwezi kuishi kwa chakula cha namna hiyo. Basi walilipa duara mke, wakalipa mtoto mchanga, wakalipa mbwa na paka na nyumba ya kukaa. Mizuka ikapewa bwana wao mwovu, ili iwe na sababu ya kufukuza. Hata Noeli ikaingizwa: mwezi Desemba 1982 ilionyeshwa hadithi ya pekee, ambamo duara na jamaa yake walimsaidia yule mzee wa zawadi aliyeanguka katika nchi yao. Na jambo kubwa kuliko yote, kila hadithi ikapewa mwisho. Hatari ilikuja, ikashindwa, watu wakarudi nyumbani, kioo kikafungwa mpaka Jumamosi nyingine.

Waulizeni hao wanaozikumbuka katuni hizo wanakumbuka nini. Watawatajia wimbo wa kufungulia, mbwa, mtoto mchanga, mlango wa nyumba. Hawatawatajia vidonge 240. Yaani moyo wa mtu umechagua yale ambayo mashine haikuwa nayo, ukaacha yaliyokuwa ya mashine. Katika hamu hii kuna akili zaidi kuliko wenyewe wenye hamu wanavyodhani.

Na kwetu je? Hapa yatupasa kusema ukweli ambao huenda utawashangaza vijana. Mwaka 1982, lile duara lilipoanza kuonyeshwa Marekani, hakuna mtoto wa Maganzo aliyeliona. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, Uganda tangu mwaka 1963, na ndugu zetu wa Zanzibar tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza, na Televisheni ya Taifa ikafuata karibu na mwaka 2000. Mwaka ule wa 1982 mtoto wa Maganzo alikuwa na redio, akakisikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania kama kwake nyumbani kulikuwa na betri. Alikuwa na michoro ya gazeti la Sani, Madenge na Ndumilakuwili, gazeti lililopita mkono kwa mkono mpaka jalada likatoka. Alikuwa na bibi yake jioni. Na Jumamosi asubuhi alikuwa na ng'ombe wa kuchunga, maji ya kuteka, au mafundisho ya dini.

Basi hao wanaozitamani leo walizionea wapi? Wengi walizikuta zimekwisha kuwa nzee, mwishoni mwa miaka ya 1990 au baadaye, kwa mikanda ya video, na kwa sahani za satelaiti za wenye uwezo. Walizikuta katika vile vyumba vya video vilivyopewa jina la vibanda umiza, ambamo mtoto aliingia kwa shilingi chache, akakaa chini au juu ya benchi lisilo na mgongo, jenereta likinguruma nje. Au walizikuta kwa jirani mmoja mwenye televisheni, ambapo watoto wa mtaa mzima walijaa sakafuni na waliochelewa wakasimama dirishani, na mwenye nyumba akawarudisha wenye miguu ya matope. Kama ulitumwa dukani saa ile, katuni ilipita nawe hukuiona. Ulisimuliwa kesho yake na wenzako, kwa chumvi nyingi, na huenda simulizi lao lilikuwa tamu kuliko yenyewe. Petroli ya jenereta ikiisha, imekwisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hiki ndicho wanachokitamani. Si duara, wala gorila. Wanatamani ile saa iliyokuwa na mwanzo na mwisho, na mabega ya watoto wenzao yaliyowagusa kuume na kushoto. Wengi wao hawajaligundua hilo, na kwa kuwa hawajaligundua, wanawapa watoto wao kitu kingine chenye jina lile lile.

Tazameni linavyotendeka. Mama anataka kupika, au baba ana wageni. Mtoto anapewa simu. Baba amekwisha kumtafutia Pac-Man katika YouTube, naye moyo wake umetulia, kwa kuwa ni katuni ya zamani na ni safi. Lakini katika simu katuni ile haina tena Jumamosi. Moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe, na baada ya hiyo nyingine, na baada ya tatu au nne si Pac-Man tena, bali chochote kile ambacho mashine imeona kitamshika mtoto asiondoke. Katikati yake hupenya matangazo. Mtoto yu peke yake pembeni, kichwa kimeinama. Hadithi zile zilizopewa mwisho kwa taabu na waandishi wake zimerudishwa katika hali ya mashine iliyozizaa: vidonge vikiisha, vichochoro hujaa upya.

Kwa watu wa Maganzo kuna jambo la karibu zaidi kuliko simu. Katika miji ya barabarani ya Kanda ya Ziwa, kama ilivyo mahali pengi nchini, zimewekwa mbele ya maduka na vilabu mashine ndogo za kubahatisha, ambazo watu huziita dubwi. Zimepambwa kwa taa na picha za matunda na wanyama, zenye rangi zile zile za katuni. Hulishwa sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 asicheze, na ipo Bodi ya serikali yenye kazi ya kusimamia mambo hayo. Lakini kimo cha mashine ni kimo cha mtoto, na mtoto aliyetumwa sukari hupita mbele yake kwenda, na hupita mbele yake kurudi, chenji mkononi.

Hatusemi kwamba dubwi na Pac-Man ni kitu kimoja. Tumekwisha kutofautisha: ile ya Kijapani iliuza muda wa kucheza, hii inauza tumaini la fedha. Ustadi hausaidii kitu hapa. Sehemu ya mwenye mashine imekwisha kupangwa ndani yake, na wachezao wengi kwa siku nyingi lazima waiache humo. Wanachofanana ni kinywa, na kutokuwa na mwisho.

Tena mtoto wa Maganzo yuko katika hatari ambayo mtoto wa Moshi au wa Mbinga hanayo sana. Yeye amezaliwa katika mji ambao kila mtu mzima anajua habari ya jiwe moja. Amesikia tangu utotoni kwamba fulani alipata, akajenga. Kwamba fulani alipata, akanywa lote. Amesikia habari za Daktari Williamson, yule Mkanada mjuzi wa miamba, aliyetafuta kwa miaka kadhaa hadi alipoipata almasi ya Mwadui mwaka 1940. Kwa mtoto wa namna hiyo, mashine inayomeza sarafu tisa na ya kumi ikatapika rundo si jambo geni. Anaiona kuwa Mwadui ndogo mbele ya duka. Hapo ndipo mzazi wa Kisukuma, ambaye ameshika chekeche kwa mikono yake, aweza kufundisha kuliko gazeti lolote. Amweleze mwanawe kwamba Williamson alizijua tabia za miamba. Kwamba mchimbaji mdogo huujua udongo, hujua mahali alipochimba jana na kwa nini leo ahamie hatua tano upande wa pili. Kwamba hata asipopata jiwe ameujua udongo zaidi kuliko jana. Amwulize mtoto: na aliyetia sarafu mia katika dubwi amejua nini zaidi ya aliyetia moja?

Twajua kwamba wenye maduka nao ni wazazi, na wengine ni wasomaji wetu. Kodi ya pango ni kubwa, na mashine huleta kitu kila jioni. Lakini mtu mwenye duka anamjua kila mtoto wa mtaa wake kwa jina la baba yake. Haihitaji Bodi itoke Dar es Salaam ili mwenye duka amwambie mtoto wa darasa la nne, "Peleka chenji kwa mama yako." Na mashine yaweza kuhamishwa kutoka barazani na kuwekwa ndani, mahali ambapo mtoto aliyekuja kununua chumvi haioni.

Kuhusu katuni zenyewe, wazazi wasidhani kwamba hakuna nyingine ila zile zilizozaliwa na sarafu. Mwaka 2010 studio moja ya Nairobi, ikishirikiana na Waingereza, ilitoa Tinga Tinga Tales, ambayo michoro yake imefuata mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972. Na hadithi zake ni zile za kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini kobe ana gamba lenye nyufa, ambazo bibi zetu walizisimulia kabla ya umeme. Mwezi Januari 2014 ilianza TBC1 katuni ya Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, inayofundisha watoto hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Hatusemi kwamba kila kilicho chetu ni kizuri. Nyimbo nyingine za Ubongo Kids ukizisikia mara kumi kwa siku utaomba radhi. Lakini mtoto aliyezitazama aweza kukwambia amejifunza nini, na hicho ni kipimo kizuri kwa katuni yoyote, ya kale au ya sasa: zima, umwambie mtoto asimulie. Akiweza kusimulia mwanzo, kati na mwisho, alikuwa katika hadithi. Akishindwa, akasema tu "walikuwa wanakimbizana," alikuwa ndani ya mashine.

Wako watakaotuuliza: je, tuwaonyeshe watoto wetu Pac-Man? Waonyesheni, kwa nini msiwaonyeshe. Ni katuni ya kuchekesha, na mzazi anayecheka pamoja na mwanawe hajapoteza saa. Lakini waonyesheni kama ninyi mlivyoonyeshwa. Waiteni na watoto wa jirani. Simu isiwe mkononi mwa mmoja, iegemezwe mahali wote waone. Nanyi wenyewe kaeni hapo hadi mwisho. Waambieni kwamba mwaka ule hapa petu hapakuwa na televisheni, na kwamba duara lile lilizaliwa katika sanduku la sarafu kabla ya kupewa mke na mtoto. Hadithi moja ikiisha, funga. Wakiomba ya pili, iwe Jumamosi ijayo.